Pumzi yaweza kuhadaa kipimo cha presha na moyo

Dereva mmoja wa trela, mzee wa miaka 54 ambaye nimemtibu presha kwa miaka kadhaa katika kliniki yangu huku Changamwe, aliingia siku moja akitabasamu, karatasi mkononi. Bintiye, mwanafunzi wa chuo kikuu, ndiye aliyemchapishia.

"Daktari," aliniambia hata kabla ya kuketi, "ugonjwa umekwisha. Hapa wameandika kwamba mtu akipumua polepole, ulinzi wa moyo wake dhidi ya presha unaongezeka karibu mara mbili."

Nilimpima. Mashine ilisoma 138 kwa 84. Mwezi uliofuata ilisoma 136 kwa 86, na mwezi wa tatu haikuwa mbali na hapo. Huyu ni mtu ambaye sikuwahi kumwona chini ya 150 hata anapomeza dawa zake sawasawa. Nilimpongeza, nikampunguzia dawa kutoka tembe mbili kwa siku hadi moja. Hilo ni kosa langu, na ndilo lililonifanya niandike makala haya.

Wiki sita baadaye, akiwa njiani kuelekea Malaba, alisimamisha gari Mtito Andei ili apate chakula cha jioni. Alipotaka kuagiza, maneno hayakutoka. Mkono wa kulia ulilegea, funguo za gari zikaanguka chini. Hali hiyo ilidumu kama dakika kumi, kisha ikaondoka yenyewe. Katika hospitali alikokimbizwa na madereva wenzake, presha yake ilikuwa 196 kwa 114. Kilichompata kilikuwa kiharusi cha muda mfupi, na wengi wanaopatwa na kiharusi hawapewi onyo la namna hiyo.

Aliporudi kwangu alinieleza jambo ambalo sikuwahi kumuuliza. Kila alipokuwa akingoja zamu yake kwenye benchi, alivuta pumzi kwa hesabu ya tano na kuitoa kwa hesabu ya tano. Aliendelea hivyo hadi mkanda wa mashine ulipomaliza kujaa na kulegea mkononi mwake. Hakukusudia kunidanganya. Aliamini kwamba amepona, na kila mwezi mashine ilimhakikishia hivyo, nami nikaitikia.

Karatasi ya bintiye haikuwa ya uongo. Ilieleza utafiti halisi uliochapishwa mwaka 2005 katika jarida la Hypertension. Tatizo lilikuwa kuelewa ni nini hasa kilichopimwa, na hapo hata sisi madaktari tunateleza.

MLINZI WA SHINGONI

Gusa shingo yako polepole, chini kidogo ya pembe ya taya. Usibonyeze, hasa kama umri umesonga. Mshipa unaopiga hapo ndio unaopeleka damu kichwani, na karibu na hapo unagawanyika mara mbili. Katika ukuta wake mna ncha za mishipa ya fahamu ambazo kazi yake ni kuhisi ukuta ukivutwa. Nyingine ziko kifuani, kwenye tao la mshipa mkubwa unaotoka moyoni.

Presha ikipanda, ukuta hutanuka na ncha hizo hupeleka habari kwenye shina la ubongo. Ubongo nao hujibu kwa njia ya mshipa wa fahamu uitwao vegasi, ukiuamuru moyo upunguze mwendo, na wakati huohuo hulegeza mishipa midogo ya damu. Presha ikishuka, mambo hugeuka. Wewe unayeinuka kitandani alfajiri hulifikirii jambo hili, lakini unaposimama, zaidi ya nusu lita ya damu huteremka miguuni na tumboni. Kama mlinzi huyu hangekuwa macho, ungeanguka kabla ya kufika mlangoni.

Wataalamu huuita mfumo huu barorifleksi. Mimi nitauita mwitiko wa presha.

Mbelgiji Corneille Heymans alipewa Tuzo ya Nobel ya mwaka 1938 kwa kuonyesha jinsi vituo hivyo vya shingoni na kifuani vinavyosaidia kuendesha upumuaji. Naam, tuzo yenyewe ilihusu pumzi. Presha na pumzi zimekuwa nyumba moja tangu mwanzo, ingawa sisi tumezoea kuzifundisha katika vipindi viwili tofauti.

Sasa, mlinzi anaweza kuwa mwepesi au mzito. Mwaka 1969 Harley Smyth, Peter Sleight na George Pickering wa Oxford, Uingereza, walieleza namna ya kumpima. Walimdunga mtu dawa inayopandisha presha kwa muda mfupi, huku wakirekodi presha na kila pigo la moyo. Kisha walihesabu: presha ikipanda kwa milimita moja ya zebaki, nafasi kati ya pigo na pigo inarefuka kwa milisekunde ngapi? Milisekunde moja ni sehemu moja ya elfu ya sekunde. Tuseme moyo wako unapiga mara 60 kwa dakika, yaani nafasi ya milisekunde 1,000 kati ya mapigo. Presha ikipanda milimita 5 na nafasi hiyo ikawa 1,050, wepesi wa mwitiko wako ni 10.

Si nambari ya kuchezea. Mwaka 1998 jarida la Lancet lilichapisha uchunguzi uliofuatilia wagonjwa 1,284 waliokuwa wamepatwa na mshtuko wa moyo. Wale ambao nambari yao ilikuwa chini ya 3 walikabiliwa na hatari kubwa zaidi ya kufa kwa ugonjwa wa moyo katika muda wa miaka miwili hivi iliyofuata. Vilevile inajulikana kwamba wepesi huu hupungua kadiri mtu anavyozeeka, na kwamba wenye presha ya kudumu huwa nao mdogo kuliko wenzao wa rika moja.

Kwa hiyo mtu akisoma kwamba kupumua polepole kumepandisha nambari hiyo karibu mara mbili, ana haki ya kufurahi. Swali ni kama mlinzi ndiye aliyeongezeka nguvu au rula ndiyo iliyovutwa.

PUMZI INAPOINGIA KATIKATI

Fanya jaribio hili, msomaji. Keti, weka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono na usikilize mpigo. Vuta pumzi taratibu kwa sekunde tano. Itoe taratibu kwa sekunde tano. Kama bado u kijana, utagundua kwamba moyo unaharakisha unapovuta na unapunguza mwendo unapotoa. Kama umepita miaka sitini huenda usihisi kitu, na hilo peke yake si ugonjwa.

Sababu ni kwamba kituo cha ubongo kinachoamuru pumzi kimepakana na mahali vegasi inapopokea amri zake. Kituo hicho kinaposema "vuta", mlango wa vegasi hufungwa kwa muda. Kikisema "toa", mlango hufunguka. Habari ileile kutoka shingoni, yenye uzito uleule, ikifika wakati wa kuvuta pumzi haijibiwi sana. Ikifika wakati wa kutoa, moyo unaitii mara moja. Dwain Eckberg na wenzake huko Marekani walilionyesha jambo hili mwaka 1980 kwa kuwavisha watu kola inayofyonza hewa kuizunguka shingo, ili kuutanua ule mshipa kwa nukta chache katika vipindi mbalimbali vya pumzi. Mtu ni yuleyule na mfyonzo ni uleule, ila moyo ulijibu tofauti kulingana na kipindi cha pumzi.

Pumzi pia huigusa presha yenyewe. Unapovuta, kifua hupanuka na damu inayotoka upande wa kushoto wa moyo hupungua kidogo, hivyo nambari ya juu hushuka kwa milimita chache. Kwa mtu mzima asiye na tatizo haizidi 10. Ikizidi hapo, daktari aliye macho hushtuka. Katika wodi zetu, ambako kifua kikuu bado kipo, nimejifunza kuusikiliza mshuko huo kwa mkanda wa kawaida na sikio, kwa maana unaweza kuashiria maji yaliyojaa katika mfuko unaozunguka moyo. Pumu kali nayo huuleta. Mashine za kujiendesha zenyewe, pamoja na uzuri wake, zinaupita jambo hili bila kulitaja.

Halafu kuna suala la mwendo, na kwangu hili ndilo kiini. Vegasi hujibu upesi, chini ya sekunde moja. Mishipa midogo ya damu hujibu kwa uvivu, baada ya sekunde kadhaa. Kutokana na uvivu huo, presha ya kila mmoja wetu hupanda na kushuka kidogo katika mawimbi ya takriban sekunde kumi, hata tukiwa tumelala chali bila wasiwasi. Mtu mzima akitulia hupumua kati ya mara 12 na 20 kwa dakika, hivyo mawimbi ya pumzi yake ni mafupi na yanapita kando. Lakini akipumua mara sita kwa dakika, kila pumzi inachukua sekunde kumi. Mawimbi mawili yanakutana. Umewahi kumsukuma mtoto kwenye bembea? Ukisukuma wakati usiofaa, bembea inayumba tu. Ukisukuma kila inaporudi, inaruka juu ingawa nguvu ya mkono wako haijaongezeka.

Siku hizi vipimo vingi vya mwitiko wa presha havitumii sindano tena. Mtu huvishwa kimkanda kidoleni kinachofuata presha pigo kwa pigo, akabandikwa waya za kurekodi umeme wa moyo, kisha kompyuta hutazama jinsi presha na mapigo vinavyopanda na kushuka vyenyewe, na kugawa kimoja kwa kingine. Hesabu hiyo ina dhana ndani yake: kwamba presha ilitangulia na moyo ukaifuata. Lakini pumzi, kama tulivyoona, huuamuru moyo moja kwa moja bila kupitia shingoni.

Chukua mfano wa kubuni. Mtu anapumua kawaida. Presha yake inacheza kwa milimita 3 na nafasi ya mapigo kwa milisekunde 30. Gawa, utapata 10. Mwambie apumue polepole na kwa kina. Presha sasa inacheza kwa milimita 8, na nafasi ya mapigo kwa 160. Gawa, utapata 20. Kati ya zile 160, ni ngapi zilizotokana na mlinzi wa shingoni na ni ngapi zilizoamriwa na pumzi? Kompyuta haijui. Inampa mlinzi sifa zote.

TAFITI ZILISEMA NINI HASA

Mwaka 2001 Luciano Bernardi na wenzake, akiwemo yule Peter Sleight wa Oxford, walichapisha katika British Medical Journal uchunguzi wa watu wazima 23 wenye afya. Waliwapima wakisali rozari kwa Kilatini na wakikariri maneno ya yoga. Sala hizo, bila wao kukusudia, zilifanya wapumue takriban mara sita kwa dakika, na wepesi wa mwitiko ukapanda kutoka 9.5 hadi 11.5. Sisi wa pwani tutafikiria uradi mara moja, ingawa utafiti ule haukuugusa.

Karatasi ya dereva wangu ilihusu utafiti wa 2005: watu 20 wenye presha na 26 wasio nayo. Wenye presha walipopumua mara sita kwa dakika, wepesi ulipanda kutoka 5.8 hadi 10.3, na presha ikashuka kutoka wastani wa 149.7 kwa 82.7 hadi 141.1 kwa 77.8. Hizo ndizo nambari alizozipigia mstari kwa kalamu nyekundu.

Mstari ambao hakuupigia ulikuwa chini kidogo. Watu walewale waliagizwa pia kupumua mara 15 kwa dakika, kwa kuhesabiwa. Wepesi wa mwitiko haukubadilika. Hata hivyo nambari ya juu ya presha ilishuka hadi 142.8, karibu sawa na ile ya pumzi ya polepole. Nambari ya chini ndiyo haikushuka. Maana yake ni kwamba sehemu kubwa ya nafuu katika nambari ya juu haikuhitaji mlinzi aongezeke nguvu. Kuketi, kutulia na kufuata hesabu kulileta karibu kiasi kilekile. Tena yote haya yalipimwa katika kikao kimoja, mtu akiwa bado anapumua hivyo. Hakuna aliyesema presha ya saa nane usiku pale Salgaa itakuwa hivyo pia.

Sidharau pumzi ya polepole. Ninaamini inatuliza, na yawezekana sehemu ya ongezeko lile ni ya kweli. Mwaka 2013 chama cha madaktari wa moyo cha Marekani, American Heart Association, kilikubali kwamba vifaa vya kuongoza pumzi vyaweza kutumika kama nyongeza ya matibabu ya presha. Nyongeza, si badala. Kwa Mkenya si jambo dogo, maana uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2015 ulikuta asilimia 23.8 ya watu wazima wa miaka 18 hadi 69 wana presha ya juu. Kati ya hao wote, anayetafuta sababu ya kuacha dawa hakosi kuipata.

Kuna mahali ambapo pumzi hutumiwa kwa makusudi katika kupima, na hapo inatusaidia sana. Mgonjwa wa kisukari wa miaka mingi anaweza kuharibikiwa na vegasi bila kujua. Tunamwambia apumue mara sita kwa dakika huku tukirekodi umeme wa moyo. Tofauti kati ya mwendo wa juu na wa chini wa moyo ikiwa mapigo 15 kwa dakika au zaidi, ni sawa. Ikiwa 10 au chini, tunashuku mishipa ya fahamu, ila kwa wazee tunakumbuka kwamba tofauti hiyo hupungua kwa umri. Kipimo hiki kina maana kwa sababu pumzi imewekwa wazi: kila mtu amepumua kwa mwendo mmoja, na matokeo yanasomwa kwa mwendo huo.

Kinyume chake ni saa za mkononi za kisasa. Kijana mmoja mhasibu alinijia akiwa hajalala siku tatu kwa sababu saa yake ilimwambia mapigo ya moyo wake hayapishani vya kutosha. Saa hizo hazipimi mwitiko wa presha, bali tofauti kati ya pigo na pigo, lakini hadaa ni ileile. Nilimwambia avute pumzi polepole kwa dakika tatu na kuitazama tena. Nambari ilipanda hadi akacheka. Moyo wake haukuwa mgonjwa dakika tatu zilizopita, wala haukupona ndani ya dakika hizo.

KITI, MGUU NA MDOMO

Kwa presha ya kawaida ya mkanda, kanuni ni rahisi ila kliniki nyingi, yangu ikiwemo siku ya foleni, huziruka. Uketi dakika tano kwanza. Usiwe umevuta sigara, kunywa kahawa au kufanya mazoezi katika nusu saa iliyopita. Kibofu kiwe kitupu. Mgongo uegemee kiti, miguu ikanyage sakafu bila kupishana, mkono uwe umelazwa usawa wa moyo. Usizungumze, maana kuzungumza kwaweza kupandisha nambari ya juu kwa milimita 10 hivi. Ipimwe mara mbili au zaidi, dakika moja moja katikati. Na upumue unavyopumua siku zote. Usizuie pumzi mkanda unapobana, jambo ambalo akina mama wengi hufanya kwa hofu, wala usiihesabu. Kama una mazoezi yako ya pumzi, yafanye nyumbani na umwambie daktari kwamba unayafanya.

Ukipewa ripoti yenye kipimo cha mwitiko wa presha, kama wanavyopewa baadhi ya wagonjwa wanaotibiwa India, uliza ulikuwa ukipumua mara ngapi kwa dakika. Kama haikuandikwa, hutaweza kuilinganisha na ya mwaka ujao.

Dereva wangu nilimvisha mashine inayopima presha kwa saa 24, mchana na usiku, kazini na kitandani, ambayo haimpi mtu nafasi ya kujiandaa kila inapobana. Wastani ulitoka 156 kwa 95, wakati kwa kipimo cha namna hiyo hatutaki ufike hata 130 kwa 80. Nilimrudishia tembe ya pili na kumpa dawa ya kuzuia damu kuganda. Nilipomweleza habari za rula na bembea alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Kumbe ni kama mizani ya Mariakani, daktari. Gari likitikisika juu yake, nambari inacheza, na mzigo ni uleule."

Bado anafanya mazoezi yake ya pumzi kila usiku kabla ya kulala, nami sijamkataza. Kliniki huwa anakuja na mkewe. Muuguzi hukaa nyuma yao akijifanya anapanga faili na kuhesabu mabega yake yanavyopanda na kushuka kwa dakika nzima, kisha huandika nambari hiyo kando ya presha. Mara ya mwisho ilikuwa pumzi 16, na presha 142 kwa 88. Tumekubaliana kwamba haijatosha, na tembe ya tatu tumeianza wiki hii.